Vumbi la Kambarage si la Sahara

Ukishuka Shinyanga mjini mwezi wa nane, vumbi ndilo litakalokupokea. Kisulisuli kinakatiza barabara, mama wa mihogo anafunika beseni kwa kanga, bodaboda anafumba jicho moja na kuendelea na safari. Kaa kidogo hapo Kambarage, karibu na uwanja, utasikia mtu akisema: "Vumbi hili ndilo linalofukuza mvua." Dereva atakwambia, mzee atakwambia, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wanafunzi wa kidato cha nne, kwa kujiamini kabisa, nikiwa nimewasha projekta yenye picha ya Sahara. Leo nataka kulikosoa dai hilo, nikianza na mimi niliyelisema.

Ubaya wake ni kwamba halikutoka hewani. Vumbi kweli hugusa hali ya hewa. Chembe zikiwa juu angani huzuia sehemu ya mwanga wa jua, ardhi ikapoa mchana. Usiku hushika joto linalopanda kutoka ardhini. Tabaka la hewa lenye vumbi likipashwa na jua, hewa ya chini hukosa nguvu ya kupanda, na hewa isipopanda mawingu ya mvua hayajengeki. Mwaka 2001 Daniel Rosenfeld na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kuwa vumbi la jangwani linaweza kulifanya wingu liwe na matone mengi mno, madogo mno, yasiyoungana hata yakadondoka. Basi si kesi imekwisha?

Haijaisha. Vumbi hilohilo, likifika kwenye mawingu yenye baridi kali, huwa mbegu ya barafu, na barafu hiyo inaweza kuanzisha mvua. Chembe nyembamba hupoza dunia kuliko zinavyoipasha, chembe nene hufanya kinyume. Mwaka 2023 Jasper Kok na wenzake walikadiria kuwa vumbi angani limeongezeka kwa takriban 55% tangu kabla ya viwanda, na kwamba kwa jumla huenda limepoza dunia kidogo. Huenda! Wanaolipima kwa setilaiti na kompyuta kubwa wanasema huenda, sisi wa projekta tunasema "ndilo".

Halafu kuna suala la ukubwa. Utafiti mwingi tunaounukuu unahusu Sahara, ambayo peke yake hutoa karibu nusu ya vumbi lote la dunia. Kule Chad kuna bonde la Bodélé, sakafu ya ziwa lililokauka, ambako upepo hubanwa kati ya milima miwili na kurusha vumbi linalovuka Atlantiki hadi Amazon. Vumbi la Kambarage linavuka nini? Barabara ya Mwanza, likijitahidi sana.

Sikejeli, ni fizikia. Upepo wa chini haunyanyui vumbi laini moja kwa moja, maana chembe laini hugandana. Kinachoanza ni mchanga: punje zinarukaruka, zikitua zinagonga udongo, na kila kipigo kinafumua unga. Ndiyo maana shamba la luseni lililobaki tupu baada ya mavuno linatimka kirahisi, wakati mbuga nyeusi ikikauka hushikana na kupasuka nyufa, hadi ng'ombe au lori liipondeponde. Likishanyanyuka, chembe ya mikromita 10 ikiachiwa kwenye hewa tulivu kutoka kimo cha mita 2 itatua baada ya dakika kama nne. Ya mikromita 2 itachukua kama saa moja na nusu. Kwa hiyo wingu jekundu unaloliona nyuma ya basi sehemu kubwa linarudi chini palepale mtaani. Kumbuka hizo dakika tisini, tutazirudia.

Mvua ya Shinyanga inaamuliwa mbali zaidi: ukanda wa mvua unaolifuata jua kwenda kusini na kurudi, joto la Bahari ya Hindi, na El Niño kama ile ya 1997/98. Mwezi wa nane mvua haipo kwa sababu ukanda huo uko kaskazini. Vumbi na ukame vinakuja pamoja, ndiyo, lakini hata miavuli na mvua huja pamoja.

Sasa utauliza, kwani kuna hasara gani watu wakiamini hivyo? Zipo mbili, na ya kwanza ni ya jina. Miaka ya 1980 mkoa huu ulikuja kuitwa "Jangwa la Tanzania", na wengi wanasema jina lilitoka kwa Mwalimu Nyerere mwenyewe, huyohuyo Kambarage ambaye uwanja na kata vina jina lake. Kwa kipimo cha mvua, Shinyanga haijawahi kuwa jangwa. Inapata zaidi ya milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na jangwa kwa kawaida halifiki 250. Kilichokuwapo ni ardhi iliyovuliwa nguo. Wakoloni walifyeka misitu kuondoa mbung'o, pamba ikafuata, na watu wakahamishiwa vijijini miaka ya 1970. Ukisema "jangwa linakuja", unamsamehe kila aliyeshika shoka.

Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, haukushughulika na anga. Ulirudi kwenye ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi, na kufikia miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefufuliwa katika mkoa wa wakati ule. Nyasi zikishika udongo, punje hazirukiruki. Vumbi lilikuwa dalili, nasi tukaligeuza kuwa ugonjwa.

Hasara ya pili ndiyo inayoniuma, na hapa turudi kwenye zile dakika tisini. Nenda upande wa Geita, kwenye machimbo madogo. Dhahabu ya huko mara nyingi imo kwenye mawe ya kwatzi, na kwatzi ni silika. Jamaa anaponda mawe kwa nyundo, mwingine anapeleka kwenye karasha, wote weupe kama wamemwagiwa sembe. Vumbi nene analolipiga chafya halimuui. Lile lisiloonekana, la mikromita mbili tatu, linalobaki hewani muda wote wa zamu, ndilo linaloingia hadi vifukoni mwa mapafu na kuyaacha na makovu. Unaitwa silikosisi, hauna tiba, na humfungulia mlango kifua kikuu.

Mimi niliyesimama mbele ya wale wanafunzi, baadhi yao wakiwa na kaka zao machimboni, nikawaonyesha Sahara. Hakuna aliyeuliza swali. Kengele ikalia, nikazima projekta.

Mawe yakilowekwa kabla ya kupondwa, vumbi hupungua sana. Lakini mwezi wa nane maji machimboni ni ya kununua kwa dumu, na mchimbaji anayelipwa kwa kiroba cha mawe ataangalia kwanza dumu hilo litampunguzia nini mfukoni.