Methali Mbili na Gari Moja

Katika miaka yangu ya ualimu, kila nilipofika kwenye somo la methali niliandika mbili ubaoni zikitazamana. Upande wa kushoto: Subira yavuta heri. Upande wa kulia: Ngojangoja huumiza matumbo. Kisha niliwauliza wanafunzi, je, wahenga walijipinga? Jibu nililolipa alama zote ni kwamba methali hupingana kwa sababu maisha yenyewe yana pande mbili, na mwenye busara huchagua inayomfaa kwa wakati wake. Jibu hilo nililipokea chuo cha ualimu, nikaligawa darasani kama nilivyolipokea, hadi nilipostaafu mwaka 2010 nikiwa mwalimu mkuu. Leo nataka kulihakiki, maana nje ya darasa nililijaribu kwa kununua gari, na halikunifaa.

Ndugu msomaji asishangae kuona uhakiki wa methali ukiegemea kwenye gari. Methali hujulikana uzito wake pale inapobebeshwa mzigo.

Kijiji chetu kiko nje ya barabara kuu itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Sehemu za barabara hiyo zimewekwa lami kipande kwa kipande katika miaka hii ya karibuni, lakini njia zinazoingia vijijini bado ni za udongo wetu mwekundu. Kiangazi udongo huo ni vumbi. Mvua zikinyesha ni utelezi, na gari dogo halipandi vilima vyetu. Linalopanda ni Land Cruiser, lile gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mijini gari kubwa la namna hiyo huitwa shangingi, jina walilopewa kwanza wanawake wapendao makuu. Sisi hatukuwa na makuu. Tulitaka machela yenye injini, ibebe wagonjwa usiku na abiria mchana, ili nauli ya mchana inunue mafuta ya usiku.

Kwa hiyo mwaka 2013 tuliunda kikundi cha wastaafu, wakulima na wafanyabiashara wadogo. Nilichaguliwa mwenyekiti. Wengine walitoa mavuno ya maharage na kahawa, mimi nikatoa sehemu ya kiinua mgongo iliyosalia. Kufika Agosti 2014 tulikuwa na shilingi milioni 44. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa na Land Cruiser iliyotumika, akataka milioni 46, na alikuwa tayari kungoja zile mbili zilizopungua mpaka baada ya mavuno.

Mimi ndiye niliyesimama nikasema tusubiri.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilitoka Marekani, kwa mtoto wa kaka yangu aishiye huko. Alinipigia simu akaniambia, "Baba mdogo, huku hakuna mtu mwenye akili anayenunua gari kubwa katikati ya mwaka. Ngojeni Desemba, wenye magari watawabembeleza." Ya pili ilikuwa ya hapa hapa. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imefungwa mwishoni mwa 2012, na habari iliyozagaa Kasulu na Kibondo ilikuwa kwamba mashirika yanafungasha, na magari yao yatauzwa kwa mnada kwa bei ya kutupa. Kila kijiwe kilikuwa na mtu anayemjua mtu aliyenunua kwa milioni 15.

Muuguzi wa zahanati yetu, mama wa makamo, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, ngojangoja inaumiza matumbo." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Methali inasema huumiza, mama, si inaumiza." Watu wakacheka. Naye akakaa. Kisha nikafunga hoja kwa methali ya upande wa kushoto, na mkutano ukanipigia makofi.

Sasa tuzichunguze zile sababu mbili, kama tunavyochunguza kazi ya mwandishi.

Habari ya Marekani ilikuwa kweli, lakini kweli ya kwao. Mwezi Januari 1975 kampuni ya Chrysler, ikiwa imejaa magari yasiyonunuliwa baada ya mafuta kupanda bei, ilianza kuwarudishia fedha wateja wanaonunua. Wenzake wakafuata. Mwaka 2005 General Motors, watengenezaji wa Suburban, gari kubwa la jamii ambalo jina lake limekuwapo tangu 1935, walimwuzia kila mnunuzi kwa bei waliyokuwa wakiwapa wafanyakazi wao. Kwa nini mwenye duka atoe ukarimu wa namna hiyo? Kwa sababu gari likikaa uani mwake linamla. Ameliweka pale kwa fedha za mkopo, riba inapanda kila siku, na magari ya mwaka ujao yako njiani yanataka nafasi. Mnunuzi wa kule anayengoja kwa kawaida ana gari jingine la kumpeleka kazini. Muuzaji ndiye anayelala macho. Tena ukarimu ule haukuwaponya watoaji: General Motors waliomba kinga ya mufilisi Juni 2009.

Ukiitazama vizuri, basi, punguzo la Marekani ni bei ambayo muuzaji hulipa ili asiendelee kungoja. Huku kwetu ni nani angelipa bei hiyo? Yule mfanyabiashara wa Kasulu hakuwa na uwanja wa magari mia. Alikuwa na gari moja, na wateja watatu waliokuwa wakilizunguka. Hata anayeagiza kutoka Japani hasaidiwi sana na ukarimu wa muuzaji. Gari likifika bandarini Dar es Salaam, Mamlaka ya Mapato ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya gari lililotumika, na juu ya thamani hiyo hupangwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Na anayengoja gari lizeeke ili lishuke bei, akumbuke kwamba gari la abiria likivuka miaka 8 tangu kutengenezwa huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu, na likivuka 10 huongezewa zaidi.

Kuhusu mnada, nilikwenda kuushuhudia mmoja Kibondo mwishoni mwa 2014. Tangazo lake nililisoma mara mbili, kwa tabia ya kazi. Lilisema magari yatauzwa kama yalivyo na mahali yalipo. Ni sentensi fupi, na katika jambo zima hili ndiyo iliyosema kweli kuliko zote. Inamwambia mnunuzi: mimi muuzaji nimekwisha jitoa, lililobaki ni lako. Gari nililolitamani lilikuwa na bodi safi, lakini halikuwa na giaboksi. Lile lililokuwa zima lilichukuliwa na watu wa Kahama waliokuja na fundi wao, kwa bei ambayo haikuwa mbali na ile ya mfanyabiashara wetu. Nilirudi Kasulu nikawaambia wenzangu kwamba minada mingine iko njiani. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema tusubiri, na mtu akishapigiwa makofi ni vigumu kwake kurudi nyuma.

Ndipo ulipoingia mwaka 2015. Mwezi Aprili machafuko yalianza Burundi, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa mgombea kwa muhula wa tatu. Wakimbizi wakavuka mpaka kwa makumi ya maelfu. Kambi ya Nyarugusu ikafurika, na baadaye mwaka huo Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena. Mashirika tuliyokuwa tukingoja yaondoke yakarudi na nguvu mpya, na magari tuliyoyapigia hesabu yakawa barabarani usiku na mchana yakifanya kazi yake. Hakuna mwenye akili angewalaumu. Wakati huo huo shilingi ilikuwa ikiporomoka: dola iliyokuwa shilingi 1,700 na kitu mwanzoni mwa mwaka ilivuka 2,000 kufika katikati yake. Gari la aina ile ile tulilolikataa kwa milioni 46 sasa liliitwa milioni 57.

Katika mvua za Aprili hiyo hiyo, mke wa mwanachama wetu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Ilionekana mapema kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba lazima afike hospitali Kasulu. Walimpandisha pikipiki, katikati ya dereva na dada yake. Mlima wa kwanza pikipiki iliteleza, wakambeba kwa machela ya miti hadi barabara kuu, na huko wakangoja gari lolote litakalopita. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Sisemi gari letu lingemwokoa. Mimi si daktari. Nasema kwamba usiku ule fedha za kununua gari zilikuwa benki, zikingoja bei nzuri, na aliyeziambia zingoje ni mimi. Baba wa mtoto hakunilaumu hata siku moja. Alipokuja kunipa habari alinisalimia, "Shikamoo mwalimu," kama kawaida, nami nikaitikia, lakini sikuweza kumtazama usoni.

Kizazi chetu kina udhuru mmoja, nao niutaje kwa haki. Sisi tulifunzwa kungoja na nchi yenyewe. Zamani magari yaligawiwa kupitia Shirika la State Motor Corporation, na mtu alihitaji kibali. Hadi bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, hapakuwa na njia nyingine kwa mtu mwaminifu ila kungoja. Lakini kungoja kule kulikuwa na foleni. Jina lako liliandikwa mahali, na kulikuwa na ofisi ya kuulizia. Tuliivaa tabia hiyo mpaka ikawa ngozi, tukaendelea kungoja hata pale ambapo foleni haipo na ofisi haipo.

Sasa nirudi ubaoni. Tazama kitenzi cha methali ya kwanza: yavuta. Subira inavuta, na anayevuta ana kamba mkononi na kitu upande wa pili. Mkulima wa maharage anasubiri huku akipalilia. Heri yake imefungwa kwenye kamba ya jembe. Methali hiyo haikumsifu aliyekaa. Mimi niliifundisha kana kwamba imesema subira yangoja heri, na katika makosa yangu yote ya darasani hilo naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kosa la kusoma.

Tazama na ya pili. Ngojangoja ni neno lililorudiwa, kama chezacheza na lialia, ambapo tendo linarudi lenyewe kwa lenyewe bila kufika popote. Halafu yanakuja matumbo. Nilipofundisha, nilieleza kuwa ni njaa ya yule anayengoja. Lakini methali haikusema tumbo lake. Imesema matumbo, mengi, wala haikutaja ni ya nani. Yule mama muuguzi, ambaye kila wiki alipima wajawazito, alijua ni ya nani. Mimi nilikuwa nikimsahihisha kitenzi.

Kwa hiyo ile hukumu ya chuoni, kwamba methali hizi mbili hupingana na kila mtu achague, naikataa. Hazipingani hata kidogo. Zinazungumzia mambo mawili tofauti, na kinachoyatenganisha ni swali moja: gharama ya kungoja inamwangukia nani? Ikimwangukia muuzaji, kama kule Marekani, ngoja. Huenda akakufuata mwenyewe. Ikikuangukia wewe, pima kama unaimudu. Ikimwangukia mtu wa tatu ambaye hayumo mkutanoni, huna haki ya kuiita subira.

Tulinunua gari Novemba 2015, baada ya kuchangishana upya. Lilikuwa chakavu kuliko lile la kwanza na ghali kuliko lile la kwanza, lenye mkonga wa kuvutia hewa na mlango mmoja usiofunga. Lilitutumikia miaka sita. Siku lilipofika kijijini nilimwomba yule mama muuguzi radhi mbele ya wanachama, kwa kuwa nilimsahihisha mbele yao. Akasema, "Yamepita, mwalimu. Sasa tupange nani atalala na ufunguo." Akauchukua yeye.

Vijana hunijia wakiniuliza kama wanunue sasa au wangoje bajeti ya Juni, au mnada, au dola ishuke. Siwapi methali tena. Nawaambia wachukue karatasi waandike mistari mitatu: tunangoja nini, nani ametuahidi, na mwisho wa kungoja ni tarehe ipi. Laiti ningeandika hivyo ubaoni Agosti 2014, mbele ya wenzangu wote. Mstari wa kwanza ungejaa. Wa pili na wa tatu ungebaki mtupu, na nadhani hata mimi ningeona.