Muziki Usio na Mpigaji

Mashabiki wa Doctor Who, tamthilia ya runinga ya BBC iliyoanza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963, hubishana hawachoki: mwigizaji yupi wa Daktari, mhusika mkuu, alikuwa bora, kisa kipi kilivurugwa, kiumbe gani wa sayari nyingine alitisha na yupi alichekesha. Mimi nina dai moja tu. Sehemu bora ya kipindi kile huisha kabla mhusika yeyote hajafungua mdomo. Ni muziki wa kufungulia.

Ukiusikia mara ya kwanza hutaona ugumu wowote. Chini kuna besi inayokwenda mbio kama farasi. Juu yake sauti nyembamba inavuta noti ndefu, ikipanda na kushuka kwa kuteleza, mithili ya mtu anayepiga mbinja gizani. Kati yake hupita mchakarisho kama wa redio iliyopoteza stesheni. Basi, hakuna zaidi. Hata mtoto anaweza kuuimba akiwa anaoga. Ila jaribu kutaja ala inayopigwa. Si gitaa, si kinanda, si fidla. Sikio linautafuta mkono wa mpigaji na kuukosa.

Linaukosa kwa kuwa hapakuwa na mpigaji. Ron Grainer, mtunzi kutoka Australia, aliandika tyuni yake kwa ufupi, akaongeza maelezo ya sauti alizozitamani, za mawingu na mapovu ya upepo, kisha kazi ikaenda kwa Delia Derbyshire katika Radiophonic Workshop, karakana ya sauti ya BBC iliyokuwa Maida Vale, London. Derbyshire alikuwa amesoma hisabati na muziki Cambridge. Akisaidiwa na Dick Mills, alirekodi uzi mmoja ukidonolewa, akaiendesha kanda haraka au polepole ili kupata noti za juu na za chini, halafu akakata kila noti kwa wembe na kuiunga na mwenzake. Melodi ilitoka kwenye mitambo ya mafundi ya kutolea mlio wa majaribio. Kanda ya studio ikipita kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, urefu wa noti ni jambo la kupima kwa rula. Mwanahisabati alikuwa nyumbani.

Haya yangekuwa mambo ya mafundi tu kama yasingesikika. Yanasikika. Mpiga besi wa bendi huchoka, huchelewa kidogo, hutia mbwembwe akiona watu wameinuka kucheza. Besi ya Derbyshire haipumui. Kila noti inaingia kwa ukali uleule na kukatika mahali palepale, kwa sababu zote ni uzi uleule uliodonolewa. Hata hivyo haina ubaridi wa kompyuta, maana imeungwa kwa mkono, kiungo baada ya kiungo, na sikio makini linahisi mshono. Melodi nayo imejengwa kinyume kabisa. Haina mishono. Inateleza kutoka noti hadi noti, usijue hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi.

Hapo ndipo umbo linapotoa hadithi bila maneno. Besi ni saa: vipande sawasawa, kimoja nyuma ya kingine. Melodi ni msafiri anayepenya kati ya vipande hivyo bila kushikika. Kisa kizima cha Daktari, mtu asiyefungwa na wakati, kimesimuliwa kwa sauti mbili. Mandhari ya kipindi yalikuwa ya bei nafuu, na mkono wa Dalek, adui wa Daktari, unafanana mno na kifaa cha kuzibulia sinki. Tuliamini hata hivyo, kwa sababu masikio yalikuwa yameshavuka mpaka kabla ya macho. Muziki ule ulifanya kazi ya "paukwa": ukiitikia, umekwisha kukubali kila kitakachofuata.

Matoleo ya baadaye yanathibitisha jambo hilo kwa upungufu wake. Mwaka 1980 Peter Howell aliutengeneza upya kwa sinthesaiza. Unang'aa, nami naupenda, lakini sasa mtu anasikika ameketi mbele ya kinanda. Mwaka 1988 kundi la The Timelords liliugeuza wimbo wa kupigia makofi, ukashika namba moja Uingereza. Tyuni ilistahimili, fumbo likayeyuka. Mwaka 2005 Murray Gold alileta fidla na ngoma za okestra. Damu inachemka, kweli, ila ni msisimko wa filamu yoyote ya mapambano. Gold mwenyewe alizibakiza sauti za Derbyshire chini ya okestra yake, na ndizo zinazoubeba mzigo.

Basi mtunzi ni nani? Wapenzi wa taarabu swali hili haliwapi shida: aliyetunga shairi ana heshima yake, aliyetia muziki ana yake, mwimbaji ana yake. Ukiutazama muziki huu kwenye karatasi, ni wa Grainer. Ukiusikiliza, karibu kila nilichokisifu hapa ni kazi ya Derbyshire. Grainer alikuwa wa kwanza kulitambua hilo. Alipousikia ulivyokamilika alistaajabu, akataka mwanamke yule agawiwe haki ya utunzi, lakini utaratibu wa BBC haukuruhusu.

Jina la Delia Derbyshire liliandikwa kwenye skrini ya Doctor Who mwaka 2013, kipindi kilipotimiza miaka 50. Yeye alifariki mwaka 2001.