Kina siyo "a" peke yake

Chipukizi wengi wa hapa Sumbawanga, ukiwaambia watunge wimbo, wanakuletea "nakupenda, nakuwaza, nakungoja", halafu wanasema kina hicho! Jamani, vitenzi vyetu vingi huishia na "a". Hapo mtunzi hajafanya kazi; sarufi imemfanyia. Wazee wa ushairi walidai silabi nzima, siyo irabu tupu.

Tuwasikilize waliotutangulia. Marijani Rajabu aliimba "Zuwena". Tamka jina hilo polepole: z inavuma, w inakunja midomo, n inapita puani. Pumzi haikatiki popote, ndiyo maana jina linabembeleza hata kabla hujajua kisa. Sasa tamka "Kifo", wimbo wa Remmy Ongala. K inagonga, f inaachia upepo, basi, kwisha. Silabi mbili tu, mwili umesisimka.

Sisemi sauti inatosha bila maana. "Kifua" nacho kina k na f, wala hakimtishi mtu. Sauti hukoleza ujumbe, kama chumvi.

Na chumvi hiyo tunayo nyumbani. "Sumbawanga": mb, ng, mngurumo wa ngoma. "Ufipa": f, p, upepo wa nyanda za juu. Mwenzangu, ukimaliza ubeti, usome kwa sauti. Sikio lisiposhtuka, futa.