Kusikiliza Wimbo wa Dakika 18

Wimbo ukidumu dakika 3 au 4, msikilizaji huupokea kama mpita njia: husalimiana naye, akaenda zake. Wimbo udumuo dakika 18 na zaidi ni mgeni alalaye. Hudai kitanda, hudai chakula, hudai na mazungumzo. Na mwenye nyumba ana haki ya kujiuliza, kabla hajamfungulia mlango, kama mgeni huyu ana jambo la kusema au amekuja kupoteza usiku wa watu. Swali hilo ndilo nitakalo kuliuliza katika insha hii juu ya kikundi cha wanamuziki wa Uingereza kiitwacho Yes, na hasa juu ya wimbo wao mmoja, Close to the Edge, uliotoka katika santuri ya jina hilohilo mwezi wa Septemba mwaka 1972.

Yafaa nianze kwa kuungama kosa. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, mwenzangu wa chumba kimoja, kijana aliyepiga gitaa kanisani, aliutia wimbo huu katika simu yangu akaniomba niusikilize. Niliusikiliza kwa muda usiotimia dakika 3. Nilisikia ndege wakilia na maji yakitiririka. Kisha, pasipo onyo, ikaja fujo: gitaa likikimbia huku, besi ikikimbia kule, ngoma zikigonga mahali nisipozitazamia. Nikaufuta. Jioni ile mezani, mbele ya watu wengi, nilitoa hukumu kwa sauti kubwa kwamba wale walikuwa watu watano wanaopiga nyimbo tano kwa wakati mmoja. Watu walicheka. Mwenzangu hakucheka wala hakukasirika. Aliniuliza jambo moja tu, sauti ya mwimbaji niliionaje? Nikakosa la kujibu. Mwimbaji wa wimbo ule haanzi kuimba mpaka karibu na dakika ya 4, na mimi nilikuwa nimeondoka zamani. Nilihukumu shauri nisilolisikia. Aibu ile, wala si mapenzi ya muziki, ndiyo iliyonirudisha.

Kikundi cha Yes kiliundwa London mwaka 1968 na Jon Anderson, mwimbaji, pamoja na Chris Squire, mpiga besi. Muziki wao huhesabiwa katika aina ya roki iitwayo progresivu, maana yake roki ya kusonga mbele. Vijana wa miaka ile walitaka magitaa ya umeme yafanye kazi ambayo hapo kwanza ilikuwa ya okestra. Hao wawili, walipotengeneza Close to the Edge, walikuwa pamoja na Steve Howe katika gitaa, Rick Wakeman katika vinanda na Bill Bruford katika ngoma. Squire alikuwa ameimba katika kwaya ya kanisa tangu utoto. Wakeman alikuwa amesoma katika Royal College of Music ya London, ingawa hakumaliza masomo yake. Bruford moyo wake ulikuwa katika jazi. Basi, mtu asikiapo kwaya, kinanda cha kanisa na jazi ndani ya wimbo mmoja wa roki, asidhani kuwa hayo ni mapambo yaliyobandikwa ukutani. Kila mmoja alikuja na mzigo wake kutoka kwao.

Simshauri mwanafunzi aanze na wimbo huo mrefu. Nyumba hii ina mlango mwepesi zaidi, nao ni Roundabout, wimbo wa kwanza katika santuri ya Fragile ya mwaka 1971. Una dakika 8 na nusu hivi. Marekani ulitolewa mwaka 1972 katika umbo fupi, zaidi ya nusu yake ikiwa imeondolewa ili upate nafasi katika redio, na hivyo ukapanda hadi nafasi ya 13 katika orodha ya jarida la Billboard. Siudharau ule uliofupishwa. Ni wimbo mzuri. Lakini sikiliza yote miwili siku moja, kisha ujiulize ni kitu gani kilichopungua. Katika wimbo kamili, lile gitaa la upole lisikikalo mwanzoni hurudi tena katikati, baada ya kishindo kingi, na likirudi husikika kama mtu wa nyumbani aliyetoka safari. Bila safari hakuna kurudi. Jambo hili dogo ndilo ufunguo wa kazi yote ya kikundi hiki, nami nitalirudia punde.

Njia iliyonifaa mimi ilikuwa kufuata chombo kimoja tu na kuviacha vingine vipite. Nilichagua besi. Katika nyimbo nyingi besi ni kama msingi wa nyumba: ipo, hubeba kila kitu, wala hakuna aitazamaye. Squire alipiga besi ya Rickenbacker, akizipiga nyuzi kwa kidude badala ya vidole, na sauti yake hutoka kali, yenye makali kama panga lililonolewa. Haijifichi chini. Mara hukimbizana na gitaa, mara humjibu mwimbaji, mara huuchukua wimbo peke yake. Kwa juma zima nilisahihisha madaftari ya mazoezi ya kufundisha huku nikifuata besi ile, na siku ya tano au ya sita nikagundua kwamba nalifuata pia gitaa, bila kukusudia. Sikio, kama jicho gizani, huzoea.

Sasa tuingie katika Close to the Edge wenyewe. Wimbo huu una sehemu nne na hujaza upande mzima wa santuri. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba dakika 20 na kitu kwa raha, kwa hiyo kipimo cha wimbo kilitokana kwa kiasi fulani na kipimo cha sahani yenyewe, kama vile urefu wa jamvi ulivyo kwa urefu wa ukindu uliopatikana. Tena haukupigwa kwa pumzi moja. Ulirekodiwa vipande vipande katika studio ya Advision huko London, pamoja na fundi wao Eddy Offord, kisha kanda zikakatwa na kuunganishwa.

Ndege na maji huchukua karibu dakika moja, vikipanda polepole. Kisha ndiyo ile fujo iliyonifukuza. Laiti ningalivumilia kidogo tu, ningalisikia jambo la ajabu: katikati ya mbio, mara moja, sauti za waimbaji hukata zote pamoja, bila neno, na vyombo vyote husimama. Kimya. Halafu mbio huanza tena. Hufanya hivyo zaidi ya mara moja. Hapo ndipo hukumu yangu ya mezani ilipovunjika, maana watu watano wanaopiga nyimbo tano hawawezi kunyamaza katika nukta moja. Fujo ile ilikuwa imehesabiwa. Ni mto uliofurika, nao walitaka tuusikie umefurika, kabla gitaa halijaleta tuni tulivu na pana iliyo kama maji yaliyofika bondeni.

Vijana wa pwani hawapaswi kuona ugeni mkubwa katika kumngoja mwimbaji. Katika vikundi vya taarabu ya Unguja, bashraf hupigwa na vyombo peke yake, na watu hukaa wakaisikiliza. Kusubiri si adhabu iliyobuniwa na Waingereza.

Katika sehemu ya pili mwimbaji hurudia tuni ileile ya beti za kwanza, lakini mapigo yaliyo chini yake yamebadilika, na besi imechukua mwendo mwingine. Mtu asiye makini atadhani kuwa anasikia jambo jipya; mtu makini atajua kuwa ni uso uleule katika mwanga mwingine. Nadhani hapa ndipo ustadi wa kikundi hiki ulipo juu kabisa. Wasingekuwa na budi ila kubuni tuni mpya kila dakika, wimbo ungekuwa duka la vitu vingi visivyojuana.

Baada ya dakika ya 8 mambo hutulia. Ngoma huacha kabisa. Anderson huimba juu, kwa sauti yake nyembamba na safi, na chini yake Squire na Howe huimba maneno mengine, wakimkinga na kumkabili kwa zamu. Kisha, baada ya dakika ya 12, hulia kinanda kikubwa cha mabomba, alichokipiga Wakeman katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate, London. Kinanda hiki ni cha kweli, na ukubwa wa jengo lile husikika ndani yake. Wapo wanaosema kwamba hapa kikundi kilijitukuza kupita kiasi. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu ya jambo linalofuata: kishindo cha vinanda vya umeme huikatiza ile ibada, ngoma hurudi, na yale mashambulizi ya mwanzo hurejea yamegeuzwa sura. Wakeman hupiga kinanda chake cha Hammond kwa mbio za kufurahisha. Hata mwisho wimbo huzikusanya tuni zake zote, na ile iliyoimbwa kwa unyonge katika sehemu ya tatu huimbwa sasa kwa nguvu ya kikundi kizima. Halafu ndege. Halafu maji.

Fanya jaribio hili. Ondoa sehemu ya tatu, ucheze sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne tu. Mwisho utabaki na kelele yake, lakini hautakuwa na ushindi, maana hatutakuwa tumesikia unyonge ulioshindwa. Wimbo ambao ukiutoa kiungo kimoja unachechemea, huo haukurefushwa, umekua.

Sina budi kusema na udhaifu wake, nao umo katika maneno. Sisi tuliosomeshwa mashairi ya Kiswahili tunajua kuwa vina na mizani bila maana ni ganda bila kokwa. Anderson aghalabu huchagua neno kwa mlio wake kwanza. Inajulikana kuwa wimbo huu ulipata mwanga kutoka katika riwaya ya Hermann Hesse iitwayo Siddhartha, iliyotolewa mwaka 1922, ambamo mtu mmoja, baada ya kutafuta hekima kwa watawa na kwa matajiri, huja kuishi kando ya mto pamoja na mvushaji na kujifunza kuusikiliza. Aijuaye habari hii hufahamu kwa nini kuna maji mwanzoni na mwishoni. Hata hivyo beti zenyewe hubaki na ukungu. Mtetezi atasema kwamba sauti ya Anderson ni chombo cha tano, si msimulizi. Nakubali nusu ya utetezi huo. Katika sehemu ya tatu, ambapo irabu ndefu huelea juu ya vinanda, sitaki maana nyingine. Katika sehemu ya kwanza, ambapo maneno huja kwa wingi na kwa haraka, sikio huomba maji likapewa kikombe kitupu. Mtu akikuuliza maana ya ubeti wa kwanza, usione haya kusema kwamba huijui. Mimi pia siijui.

Bruford aliondoka mara tu kazi hii ilipokwisha, akajiunga na kikundi cha King Crimson. Alan White, aliyeshika nafasi yake, alikuwa na siku 3 tu za kujifunza nyimbo hizi kabla ya safari ya Marekani. Ningependa kujua alilala saa ngapi.

Kisha kikundi kikafanya jambo ambalo waliofanikiwa hulifanya mara nyingi: kikadhani kwamba urefu ndio uliokuwa siri. Mwezi wa Desemba mwaka 1973 kilitoa Tales from Topographic Oceans, santuri mbili zenye nyimbo nne tu, kila wimbo ukijaza upande mzima. Jumla yake ni dakika 80 hivi. Wakeman mwenyewe amesema hadharani kwamba walikuwa na mali iliyozidi santuri moja isiyotosha mbili, wakaijaza. Naye aliondoka mwaka 1974. Katika wimbo wa nne kuna kurudi kwa kweli, na gitaa la Howe katika dakika zake za mwisho ni tamu kabisa. Lakini mara nyingi sehemu hufuata sehemu kwa sababu tu upande wa santuri haujajaa. Hapa jaribio langu la kuondoa kiungo hutoa jibu jingine: naweza kuondoa dakika 5 katikati ya wimbo wa tatu, na mwisho wake usichechemee.

Huo wa tatu nimeusikiliza wote. Wimbo wa pili, ambao wenye kuupenda husema ni mtulivu kama usingizi, nimeuanza mara tatu na kila mara umenishinda kabla ya dakika ya 15. Kwa hiyo juu yake sitoi hukumu. Mwenzangu yule wa chuoni sasa anafundisha mbali na hapa, na nikiandika neno moja la ubaya juu ya wimbo huo, atanipigia simu aniulize unaishaje.