Kusadiki na kufikiri: mafumbo ya majina kwa Shaaban Robert

Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mijadala yetu kuhusu dini imekuwa kama mchezo wa kuvuta kamba: imani huku, akili kule. Anayeamini anaambiwa ameifungia akili kabatini. Anayehoji anaitwa kafiri. Kamba hiyo haina maana, na Kiswahili chenyewe kinaikataa.

Hebu tumrudie Shaaban Robert. Vitabu vyake viwili vimeibeba mada hii katika majina: Kusadikika, kilichochapishwa 1951, na Kufikirika, kilichotoka baada ya mwandishi kuaga dunia. Vitenzi ni sadiki na fikiri, vyote katika kauli ya kutendeka. Anayesoma majalada tu atatarajia nchi ya kwanza iwe ya waumini na ya pili ya wanafalsafa. Lakini wapi! Katika nchi yenye jina la kusadiki ndimo Karama anaposimama barazani kwa siku sita akijitetea kwa hoja dhidi ya mashtaka ya Majivuno, kosa lake likiwa ni kufundisha elimu ya sheria. Katika nchi yenye jina la kufikiri, mfalme asiyejaliwa mtoto anahangaika na waganga wa kila aina, na utabiri unadai kafara ya watu wawili, mwerevu mmoja na mjinga mmoja.

Wahakiki wengi wamevisoma vitabu hivi kama mafumbo dhidi ya utawala dhalimu, hasa wa kikoloni, na usomaji huo una haki yake. Ila unayapita majina haraka mno.

Ugonjwa wa Kusadikika ni nini hasa? Si kuamini kupita kiasi. Wajumbe sita walitumwa nje kutafuta mambo ya kuifaa nchi, wakarejea nayo, wakatupwa gerezani. Wa kwanza wao ni Buruhani, yaani uthibitisho. Wa mwisho ni Amini. Serikali iliyouogopa ushahidi iliuogopa uaminifu vilevile, ikavifunga pamoja. Na tazama walivyofanya kazi. Hakuna hesabu iliyomhakikishia mjumbe yeyote kwamba angefika salama. Aliondoka kwa sababu aliitumaini safari yenyewe. Aliporudi, hata hivyo, kutumaini hakukutosha. Alihitaji kueleza alichokiona, apimwe kwa maelezo yake. Kuondoka na kurudi ni shughuli mbili, kila moja na nyenzo yake.

Ndiyo maana sipendi kusikia akili ikipewa kazi zote. Daktari anaweza kumweleza mfiwa kwa usahihi kabisa kilichomuua mamake. Maelezo hayo ni ya lazima, tena huenda yakaokoa wengine. Lakini swali lililomkalisha mfiwa huyo macho usiku kucha matangani si hilo.

Neno imani lenyewe lina mengi. Limetokana na mzizi mmoja wa Kiarabu na amani, amana na amini. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwako, na mwenyewe ana haki ya kuiulizia siku yoyote. Kisha kuna matumizi ambayo vijana wetu wanayasahau: kumwonea mtu imani ni kumhurumia. Kwa maana hizi mbili, kiongozi asiyeulizwa kitu, anayewaamuru wazazi wawanyime watoto chakula hadi wafe, hajazidisha imani. Ameivunja mara mbili, kwenye amana na kwenye huruma. Tukisema waliokufa Shakahola waliuawa na imani, tunamwachia mhalifu neno ambalo hakuwa nalo.

Nina lalamiko moja kwa Shaaban Robert. Majina yake huamua kesi kabla ya kesi. Mshtaki aitwaye Majivuno atamshindaje mtu aitwaye Karama? Msomaji hana haja ya kupima chochote, na katika kitabu kinachotetea hoja hiyo ni kasoro kubwa. Kinachokiokoa ni mbinu ya Karama mwenyewe, ambaye hoja zake ni hadithi. Baraza linalazimika kumsadiki msimulizi kwanza, walau kidogo, ndipo lipate cha kufikiria. Hapo kitabu kinajua zaidi kuliko majina yake.

Katika Kufikirika mambo yamekaa vizuri zaidi. Utabiri unataka mwerevu na mjinga, watu wawili waliotengana, ilhali mwalimu wa mwana wa mfalme anaitwa Utubusara Ujingahasara, busara na ujinga katika jina moja la mtu mmoja. Huyo ndiye ningetaka wanafunzi wetu wamjadili kwanza, kabla ya lile swali letu la mtihani, “Eleza sifa tano za mfalme.”