Nimeunusa Mchanga Ulioponywa!
Jamani, acha hilo unalofanya! Nimetoka maabarani hapa Machakos mjini sasa hivi, moyo unanidunda dududu, na nisipokusimulia nitapasuka.

Nimeonyeshwa unga. Unga tu! Mweupe wa kuelekea unjano, laini ajabu, mwepesi mno hata nilipopumua karibu nao nikakemewa. Ni kalsiamu peroksaidi ya chembe za nano. Ukatiwa kwenye bilauri ya maji. Kimya. Nikaanza kununa... mara viputo! Vidogo vidogo, vinapanda kimoja kimoja, halafu kundi zima. Oksijeni hiyo! Tena haimwagiki yote kwa mpigo, inatoka kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Na bado! Kulikuwa na chupa mbili za mchanga wa mto, zote zimetiwa petroli siku moja. Ya kwanza haina unga: kuifungua tu, lo, ilinipiga puani hadi machozi. Ya pili ina unga na bakteria. Nikanusa. Nikanusa tena. Udongo mbichi tu! Nikasugua mchanga kwa vidole, glovu nimevaa, unateleza, una uteute. Uteute huo ndio bakteria wenyewe, wamejibandika kwenye punje wanakula mafuta! Kumbe wala mafuta wapo ardhini siku zote, ila petroli ikiingia wanamaliza hewa upesi. Karamu iko mezani, walaji wamekabwa koo. Unga unawarudishia pumzi.

Na wewe unajua maji ya Ukambani yalipo: chini ya mchanga. Mto umekauka kau, mtu anachimba kwa mikono, maji baridi yanachungulia. Ndiyo maana kikundi cha Utooni, kilichoanza 1978, kikahangaikia mabwawa ya mchanga. Sasa mafuta yakijipenyeza humo? Waulize watu wa Thange, jirani zetu wa Makueni: bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja, na mwaka 2015 mafuta yakaonekana mtoni. Nikiwaza Thange nikiwa nimeshika ile chupa ya pili, wallahi nilitaka kukimbia nayo.

Ngoja, kuna vidonge! Unga ukiyeyuka huacha chokaa, na chokaa ikizidi bakteria wanaumia. Watafiti wa Iran wakaufumbata katika utomvu wa mwani. Mwani, wa baharini! Nilikibonyeza kimoja: kinabonyea, kinarudi, kinateleza, raha tupu.

Kuyanywa maji ya ile chupa ya pili? Thubutu! Pua si kipimo, benzeni inapimwa kwa mashine, na kutoka chupani hadi kisimani kuna kazi ya kweli. Lakini nenda, tafadhali nenda! Omba ufunguliwe ile chupa ya petroli kwanza, usije ukasema nimetia chumvi.