Riwaya na Somo la Maendeleo: Tahakiki Fupi

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wasomi wa Dar es Salaam walijitwika kazi nzito: kumpa kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe wa sheria au wa sayansi, elimu inayounganisha jamii, siasa na uchumi. Mwaka 1973 chuo kikuu kiliunda taasisi maalumu ya taaluma za maendeleo. Nia hiyo tunaiheshimu. Lakini somo lenyewe lilifundishwa kwa Kiingereza, ilhali Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa 1970, ilikuwa ikifundisha kwa Kiswahili papo hapo Mlimani. Kijiji kikajadiliwa kwa lugha ambayo wanakijiji hawakuweza kuijibu.

Jibu lao tunalipata katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Gamba la Nyoka* (1979), inayohusu kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa. Mchumi ataona humo mashamba yaliyoachwa. Mwanasiasa, amri ya dola. Mtaalamu wa jamii, kuvunjika kwa ujirani. Mwanakijiji anayapata yote matatu kwa siku moja, na riwaya haimtenganishi.

Wahakiki wengi wameyapita haraka majina ya wasomi wawili wa riwaya hii, Mambosasa na Mamboleo. Ni majina ya majazi, na maana zake zinakaribia kuwa moja. Wote wawili wamebeba mambo ya sasa. Hakuna aliyebeba mambo ya jana. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mwandishi anapoihukumu elimu yao: inajua mpango, haijui kumbukumbu ya wanaopangiwa. Jina la riwaya linakaza shaka hiyo, kwani nyoka akijivua gamba hubaki nyoka.

Kazi hii haikosi dosari. Mahali pengine wahusika wanahutubu badala ya kuzungumza, na sauti ya mhadhiri inaisikika nyuma yao. Wala hatusemi riwaya isomwe kama ripoti ya wizara. Atakayehesabu kaya ndani yake atapotea.

Tunachodai ni kwamba vyuo vyetu vya Kenya, vinapowafunza vijana jamii, siasa na uchumi kwa pamoja, viiweke riwaya ya Kiswahili miongoni mwa vitabu vya lazima, na ijadiliwe kwa Kiswahili. Mhitimu asiyeweza kumweleza mama yake mzazi nadharia ya maendeleo ataiendesha nchi kwa amri, kwa kuwa mazungumzo hakufundishwa.